Jinsi ya kuweka nafasi ya malazi ya bei nafuu: linganisha jumla, si bei ya juu juu

Bei inayoonekana kwanza kwenye skrini mara nyingi siyo itakayotoka mfukoni. Katikati yake kuna kodi, ada ya usafi, ada ya huduma ya tovuti, nauli ya kila siku kama umelala mbali, na pengine pesa iliyopotea kwa sababu safari iliahirishwa na nafasi haikuwa ya kurudishiwa. Kwa hiyo kuuliza tovuti gani ni rahisi kuliko zote hakukufikishi popote. Jiulize hivi: kwa safari hii, kwa watu hawa na siku hizi, jumla yake ni ngapi, na kabla sijafika pesa yangu anaishika nani?

Kabla ya kufungua tovuti yoyote

Andika mambo matano: idadi ya watu, idadi ya usiku, saa ya kufika, sehemu utakayokuwa ukienda kila siku, na uhakika wa tarehe zako. Yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua karibu kila kitu.

Msafiri wa peke yake hupata unafuu mkubwa zaidi hosteli, kwa sababu analipia kitanda tu. Wakiwa wawili, vitanda viwili vya hosteli mara nyingi vinakaribia bei ya chumba cha gesti chenye mlango wake na ufunguo wake. Kuanzia watu watatu au wanne, nyumba nzima yenye jiko huanza kushinda. Na urefu wa safari unabadilisha hesabu: usiku mmoja au miwili hoteli au gesti hufaa zaidi, wiki nzima nyumba hushuka bei kwa kila usiku. Kama viza haijatoka au likizo haijaidhinishwa, ondoa kabisa kwenye orodha nafasi zisizorudishiwa pesa, hata zikiwa rahisi kiasi gani.

Saa ya kufika inahitaji uangalifu wa pekee, maana tovuti hutumia saa 24 na hapa ndipo wengi hukosea. Ndege ikitua saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 15, tiketi itaandika 01:30, tarehe 15. Chumba unachohitaji ni cha usiku wa tarehe 14. Ukiweka nafasi ya kuingia tarehe 15, utafika mapokezi usiku wa manane na chumba chako hakitakuwa tayari hadi 14:00 au 15:00, yaani saa 8 au saa 9 mchana. Weka tarehe 14, kisha waandikie kwamba utaingia baada ya usiku wa manane. Bila ujumbe huo wanaweza kukuhesabu mgeni asiyefika na kukigawa chumba.

Aina za malazi kwa ufupi

Hosteli: unalipia kitanda katika chumba cha pamoja, kwa kawaida cha watu 4 hadi 12, na nyingi zina vyumba vya wanawake pekee. Beba kufuli lako na taulo. Baadhi hutoza vyote viwili. Angalia kama zina kikomo cha umri, na kama ni za mtandao wa Hostelling International ulizia bei ya wanachama. Gesti na hoteli ndogo za familia ndizo zenye nafasi kubwa ya kukupunguzia ukizungumza nazo moja kwa moja. Nyumba na vyumba vya watu binafsi hupatikana Airbnb, Vrbo na Booking.com. Kuna pia aina inayosahaulika mno: mabweni ya vyuo vikuu, ambayo katika nchi nyingi hukodishwa kwa wasafiri wakati wanafunzi wako likizo. Vyumba ni vya kawaida, safi, na mara nyingi viko karibu na usafiri wa umma.

Nani anauza nini

Sokoni kuna makundi matatu. La kwanza ni tovuti zinazouza: Booking.com, Agoda, Expedia, Hotels.com, Trip.com, Airbnb, Hostelworld. La pili ni zinazolinganisha bei tu kisha kukupeleka kwa muuzaji: Google Hotels, trivago, Kayak, Skyscanner. La tatu ni wenye malazi wenyewe.

Ukifungua tovuti kumi unaweza kudhani umezunguka soko zima, kumbe sivyo. Booking.com, Agoda, Priceline na Kayak zote ni za kampuni moja, Booking Holdings. Expedia, Hotels.com na Vrbo ni za Expedia Group, ambayo pia ina hisa nyingi zaidi za trivago. Trip.com Group inamiliki Trip.com na Skyscanner. Ndugu hawa hawana bei sawa siku zote, kwa hiyo kulinganisha bado kuna maana, ila tovuti tatu au nne za makundi tofauti zinatosha.

Tovuti zinazouza hukata kamisheni kwa mwenye hoteli, kwa kawaida asilimia 15 hivi na wakati mwingine zaidi. Kwa miaka mingi mikataba yao ilizizuia hoteli kutangaza bei ya chini kwenye tovuti zao wenyewe. Ufaransa ilivunja masharti hayo kwa sheria mwaka 2015, nchi nyingine za Ulaya zikafuata, na mwaka 2024 Booking.com iliyaondoa katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Faida kwako ni kwamba kamisheni hiyo ni pesa ambayo mwenye hoteli angependa kugawana nawe kuliko kumpa mtu wa kati. Lazima umuulize, lakini.

Hatua ya 1: pima soko

Anza na tovuti ya kulinganisha. Weka tarehe halisi na idadi halisi ya watu, pamoja na watoto na umri wao. Ukitafuta kwa mtu mmoja kisha mkafika wawili, mapokezi wana haki ya kudai nyongeza au kuwakatalia. Kisha sogeza tarehe siku moja mbele na siku moja nyuma. Hoteli za maeneo ya ofisi hushuka bei Ijumaa na Jumamosi kwa kuwa wafanyabiashara wameondoka. Za ufukweni na za mapumziko hupanda siku hizo hizo na kushuka katikati ya wiki. Usiku wa Jumapili mara nyingi ndio rahisi kuliko yote mjini. Kama bei za mji mzima zimeruka ghafla, angalia kama kuna maonyesho ya biashara, mkutano mkubwa au mechi. Kuhamisha safari siku mbili hapo kutakuokolea kuliko punguzo lolote.

Kufuta kumbukumbu za kivinjari ili bei ishuke hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kufungua akaunti ya bure na kuingia, kwa sababu punguzo la wanachama huonekana kwa aliyeingia tu. Genius ya Booking.com, kwa mfano, huanza na asilimia 10 kwenye malazi yanayoshiriki. Angalia pia bei kwenye programu ya simu. Baadhi ya wauzaji huweka humo bei ambayo haipo kwenye kompyuta.

Maneno kama "kimebaki chumba 1 tu" yasikutie haraka. Maana yake ni kwamba kimebaki kimoja kwenye tovuti hiyo kwa bei hiyo. Hoteli inaweza kuwa na vingine ishirini. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizibana tovuti sita kubwa, zikiwemo Booking.com, Expedia na trivago, ziache kuwasukuma wateja kwa matangazo ya namna hiyo. Bado utayaona, kwa hiyo chukua muda wako.

Hatua ya 2: piga hesabu ya jumla

Chagua malazi matatu hadi matano, kisha kwa kila moja endelea hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Jumla kamili iko pale. Hali imeboreka kidogo: tangu Aprili 2025 Airbnb huonyesha ada zote ndani ya bei ya kwanza, kasoro kodi, na Marekani tangu Mei 2025 inazitaka hoteli na nyumba za muda mfupi zitangaze bei yenye ada zote za lazima. Hata hivyo kodi ya mji, ambayo miji mingi hutoza kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi hulipwa mapokezi na huandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa.

Chukua mfano wa watu wawili. Nyumba inatangazwa kwa dola 40 kwa usiku, ada ya usafi ni dola 45 kwa safari nzima, na ada ya huduma ni asilimia 14. Hoteli ni dola 58 na kodi ya mji dola 3 kwa mtu kwa usiku.

Kwa usiku 2, nyumba ni 80 + 45 = 125, ongeza asilimia 14 inakuwa 142.50, yaani dola 71.25 kwa usiku. Hoteli ni 116 + 12 = 128, yaani dola 64. Hoteli imeshinda ingawa mwanzoni ilionekana ghali kwa dola 18.

Kwa usiku 7, nyumba ni 280 + 45 = 325, pamoja na ada ya huduma 370.50, karibu dola 53 kwa usiku. Hoteli bado ni dola 64. Nyumba imeshinda, na kilichobadilika ni kwamba ada ya usafi imegawanywa kwa usiku saba badala ya miwili. Ndiyo sababu hakuna kanuni ya kudumu kwamba nyumba ni rahisi kuliko hoteli. Fanya hesabu kila safari. Ukikaa muda mrefu, jaribu kufikisha usiku 7 au 28, maana wenyeji wengi wa Airbnb huweka punguzo la wiki na la mwezi linaloanza hapo. Inawahi kutokea usiku 28 kuwa na jumla ndogo kuliko usiku 25.

Malizia kwa kujumlisha nauli. Chumba cha pembezoni kikiwa rahisi kwa dola 10, lakini watu wawili wanatumia dola 6 kila mmoja kwenda na kurudi mjini, umepoteza dola 2 kila siku, na muda juu yake. Usiamini maneno "kilomita 1 kutoka katikati ya mji", kwani umbali huo mara nyingi ni wa mstari ulionyooka kwenye ramani. Weka anwani kwenye programu ya ramani na uombe njia ya miguu. Mto, reli au barabara kuu inaweza kuugeuza kuwa kilomita 3.

Hatua ya 3: soma maoni kwa jicho la mpelelezi

Panga maoni kuanzia mapya. Maoni ya miaka miwili iliyopita yanaweza kuwa ya mmiliki mwingine. Usipoteze muda kwenye yale ya "pazuri sana" wala ya hasira tupu; ya katikati ndiyo yenye habari. Tafuta maneno mahususi: kelele, maji ya moto, kunguni, harufu, funguo, intaneti, lifti. Lalamiko moja ni bahati mbaya ya mtu mmoja, lakini likirudiwa na wageni watatu wasiofahamiana ndani ya miezi michache, hiyo ndiyo hali ya nyumba. Kunguni ukiwaona wametajwa hivi karibuni, hata mara moja, tafuta pengine.

Picha zitazame pia kwa yale ambayo hazikuonyesha. Kama hakuna picha hata moja ya bafu, au dirisha limefunikwa pazia katika kila picha, kuna sababu.

Hatua ya 4: masharti ya kughairi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chumba kilekile huuzwa kwa bei mbili: ya kughairi bila malipo, na ya chini kidogo isiyorudishwa pesa. Namna ya kuamua ni rahisi. Kama tofauti ni asilimia 10, bei isiyorudishwa inakufaa tu ikiwa uwezekano wa wewe kubadili safari uko chini ya moja katika kumi. Kwa safari ya miezi minne ijayo ni wachache wenye uhakika huo. Kwa safari ya kesho kutwa, chukua ya chini.

Soma saa ya mwisho ya kughairi, siyo tarehe peke yake. "Kabla ya saa 18:00 tarehe 9" ni saa za mahali hoteli ilipo. Mtu aliye mbali upande wa magharibi anaweza kughairi tarehe 9 asubuhi kwake na bado akawa amechelewa. Weka kengele kwenye simu siku mbili kabla.

Mambo mengine mawili yanayosahaulika: usipofika usiku wa kwanza bila taarifa, hoteli nyingi hufuta usiku wote uliobaki na kukata pesa. Na ukiondoka mapema, siku ulizoziacha kwa kawaida hazirudishiwi hata kama nafasi yako ilikuwa ya kughairi bila malipo.

Nafasi ya kughairi bila malipo ina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Ukishaiweka, angalia bei tena kila wiki na hasa siku chache kabla ya saa ya mwisho. Ikishuka, weka nafasi mpya kwanza, subiri uthibitisho, ndipo ufute ya zamani. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kubaki bila chumba.

Hatua ya 5: waulize wenyewe

Kwa hoteli na gesti, tafuta tovuti au simu yao na utume ujumbe mfupi:

"Habari. Nimeona chumba chenu cha watu wawili, tarehe 10 hadi 14, kwa dola 58 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Nikiweka nafasi kwenu moja kwa moja mtanipa bei gani, na masharti ya kughairi yatakuwaje?"

Taja bei uliyoiona, tarehe na kilichomo. Ujumbe usio na namba hujibiwa kwa namba ya kawaida. Wakikataa kushusha, omba kitu kingine: kifungua kinywa, kuingia mapema, chumba cha upande wa nyuma kisicho na kelele. Aliyeweka nafasi moja kwa moja pia hushughulikiwa kwa wepesi kunapotokea tatizo, kwa sababu mapokezi wanaweza kubadili tarehe zake wenyewe. Ukiwa umenunua kwa mtu wa kati, mara nyingi jibu ni "wasiliana na ulikonunua".

Kwenye Airbnb usifanye hivi. Mwenyeji akikuomba utoke kwenye tovuti ili mlipane pembeni, kataa. Ni kinyume cha masharti, na ukifika ukakuta nyumba haipo, hakuna atakayekulipa.

Na kama bei za wauzaji tofauti ni sawa au zinapishana kwa dola moja, ninyi mnaosafiri kwa mara ya kwanza chukueni tovuti kubwa inayojulikana. Muuzaji asiyefahamika anayetokea juu ya orodha ya trivago au Google kwa dola 3 pungufu hana thamani ya usumbufu wa kumtafuta pesa ikipotea.

Hatua ya 6: malipo

Angalia nani anakata pesa na lini. "Lipa ukifika" ni salama zaidi kwa mgeni, na kadi yako inabaki kama dhamana tu. "Lipa sasa" kwa tovuti maana yake kurudishiwa kutapitia tovuti hiyo, na kama sarafu ni tofauti unaweza kurudishiwa pungufu kwa sababu ya kiwango cha siku.

Hoteli nyingi hushikilia kiasi fulani kwenye kadi unapoingia kwa ajili ya uharibifu. Pesa hiyo haijakatwa, lakini huwezi kuitumia, na baada ya kuondoka inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa. Kwenye kadi ya benki ya kawaida ni pesa yako halisi iliyofungwa, kwa hiyo usisafiri ukiwa na salio la kukutosha kwa chumba tu.

Mashine ya kadi au tovuti ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya mahali ulipo, chagua ya mahali ulipo. Ile ya nyumbani hubadilishwa kwa kiwango chao, ambacho karibu siku zote ni kibaya kuliko cha benki yako.

Utapeli unaowapata hata waangalifu

Ulio hatari zaidi siku hizi hutokea baada ya kuweka nafasi. Matapeli huiba akaunti ya hoteli kwenye tovuti ya kuuza, kisha humwandikia mgeni ndani ya mazungumzo halali kabisa: thibitisha kadi yako kwa kiungo hiki, la sivyo nafasi itafutwa. Jina lako ni sahihi, tarehe ni sahihi, na ujumbe umetoka mahali pa kweli. Usibonyeze. Funga, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako na uangalie kama nafasi imebadilika, au ipigie hoteli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Kwa nyumba zinazotangazwa kwenye mitandao ya kijamii, chukua picha moja na uitafute kwa utafutaji wa picha. Ikitokea katika mji mwingine kwa jina lingine, umemaliza kazi. Mtu anayetaka kadi za zawadi, sarafu za kidijitali au pesa itumwe moja kwa moja kwa jina la mtu kabla hujaona mlango, mwache.

Kabla ya kufika, na siku ya kufika

Hifadhi uthibitisho kwenye simu kwa namna inayofunguka bila intaneti: namba ya nafasi, anwani kwa lugha ya mahali hapo, simu, na picha ya skrini ya masharti ya kughairi kama yalivyokuwa siku ya kulipa. Siku mbili au tatu kabla, piga simu au andika uulize kama nafasi yako ipo kwenye mfumo wao wenyewe. Nafasi iliyopitia watu wa kati wawili wakati mwingine haifiki, na ni heri ujue hilo ukiwa bado nyumbani.

Ukifika na hoteli imejaa kupita vyumba vyake, usiondoke kirahisi. Omba wakutafutie chumba cha kiwango hicho au zaidi karibu na hapo, walipe tofauti na teksi, na wakuandikie. Mpigie uliyenunua kwake ukiwa bado umesimama mapokezi.

Ukipewa chumba, kabla ya kufungua mzigo jaribu maji ya moto, kufuli na intaneti, inua kona ya godoro utazame mishono, na upige picha ya uharibifu wowote ulioukuta. Tatizo liripoti papo hapo kwa maandishi. Airbnb hutaka tatizo lisemwe ndani ya saa 72 tangu uligundue. Kwa hoteli, malalamiko yaliyotolewa baada ya kuondoka hupunguza sana nafasi yako ya kurudishiwa chochote. Wiki moja hadi mbili baada ya kurudi, pitia taarifa ya benki: amana imeachiwa, na hakuna kilichokatwa mara mbili.